Zambia ilipima bunga na ikasema. Ya kwetu nani anapima?

Wandugu wa Lubumbashi, Likasi na Kasumbalesa,

Mu mwezi wa nane 2024, kule Zambia, mbwa walianza kufa kwa mamia. Walikuwa wanakula bunga ya mahindi. Wakapima ile bunga: iko na aflatoksini. Wakapima na ya kampuni za kusaga za Lusaka, kampuni kadhaa zikakutwa na kiwango cha juu. Waziri wa afya mwenyewe akasema mbele ya watu wote, na bunga ikaanza kuondolewa mu maduka.

Sasa sikieni: bunga ya Zambia njo bukari ya Lubumbashi. Inapita Kasumbalesa mu makamyo na juu ya velo. Wewe unasoma hii, gunia ile ulinunua ku soko ya Kenya ao Katuba, unajua ilipimwa wapi? Nani aliweka sinyatire?

Aflatoksini ni sumu inatengenezwa na ukungu. Inaanza shambani, zaidi wakati jua linakausha mahindi mbele ya kukomaa, na mwaka ule Zambia ilikuwa na ukame mukali. Kisha inaongezeka mu depo, kama mahindi iliingizwa bila kukauka muzuri. Ubaya wake: haina harufu, haina ladha, na moto ya bukari haiiuwi. Pika saa mbili kama unapenda, inabaki. Kidogo-kidogo kila siku inaharibu maini na kuleta kansere. Kwa mwenye iko na epatite B, hatari inazidi mara mingi. Na ikiwa mingi kwa mara moja, inaua haraka: Kenya (inchi, si komini yetu) mwaka 2004, watu 317 waligonjwa, 125 wakakufa.

Kuna wenye watasema: tufunge mupaka. Hapana. Ukifunga mupaka, bei ya bunga inapanda juma ile ile, na tunajua ni nyumba gani zitalala njaa kwanza. Tena mahindi ya hapa kwetu inaweza kuoza sawa na ya jirani. Zambia haikutukosea, ilipima na ikasema. Wala musimufokee mama mwenye kuuza ku soko. Yeye alipewa gunia ilishonwa, na watoto wake wanakula ile ile.

Mwenye tunauliza ni OCC. Iko tangu 1974, kazi yake ni kukontrole vitu vinavyoingia, na vipimo vyake vinalipwa. Congo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na kule kiwango cha mahindi kinajulikana: aflatoksini yote isipite mikrogramu 10 kwa kilo. Basi matokeo ibandikwe, kila juma, pale Kasumbalesa na ku masoko makubwa: kamyo ngapi zilipimwa, ngapi zilirudishwa. Si siri ya jeshi. Na serikali ya provensi isaidie walimaji kupata bashi za kuanikia na depo zenye hazivuji. Ile ni bei ndogo kuliko kutunza maini.

Tukingojea, kama unaweza, nunua mahindi ya mbegu na upeleke mwenyewe ku mashini. Mbegu unaweza kuchagua, bunga hauwezi. Toa yenye kuvunjika, yenye kutobolewa na wadudu, yenye rangi ya kijani ao nyeusi. Kujua kama imekauka: weka mbegu kidogo na chumvi kavu mu chupa kavu, tikisa muzuri, ngoja dakika chache. Chumvi ikishika ku chupa, ingali na maji. Irudi ku jua, juu ya bashi, si juu ya udongo.

Yenye ulitoa, usipe kuku, usitengeneze nayo munkoyo. Izike.

Mu juma hii tunapeleka barua ku OCC na ku biro ya gavana kuomba yale matokeo. Jibu ikikuja tutaliweka hapa nzima. Isipokuja, tutaweka tarehe barua ilipokelewa, na jina ya kazi ya mwenye aliipokea.