Beni–Kasindi: kabine ya lori inachokesha shofere, na hatari inafikia watu wote

Lori ikianguka kwenye njia ya Kasindi, Beni ao Butembo, maneno ya kwanza ni yaleyale: fre zilikataa, shofere alikunywa, barabara ni mbaya. Mara chache watu wanauliza shofere alikuwa amekaa namna gani, na tangu saa ngapi. Lakini kwenye maparkingi, mashofere wenyewe wanarudilia lalamiko moja: kabine.

Malori mengi yanayobeba mizigo ndani ya Kivu ya Kaskazini na Ituri ni Fuso na zingine za namna ile. Mengi yalitumika kwanza inchi zingine, zaidi Japani, kiisha yakauzwa huku. Hayakutengenezwa kwa ajili ya njia hizi.

Kwanza, motere iko chini ya kabine. Watengenezaji walifanya vile ili kabine iwe fupi na nafasi kubwa ibakie mizigo. Kwa mwenye mali ni faida. Kwa shofere, ni kukaa juu ya jiko. Joto na kelele vinapanda kupitia kifuniko cha motere, na kama mipira ya kuziba imekatika, moshi nao unaingia. Kwenye uwanda wa Semliki, joto la jua linaongezeka juu ya lile la motere. Shofere akifungua kioo, vumbi inamjaa. Akifunga, anaiva. Saa chache kiisha, akipanda milima ya Butembo usiku, baridi inapitia kwenye matundu yaleyale.

Pili, kiti. Kwenye lori za namna hii, shofere anakaa juu ya magurudumu ya mbele, kwa hiyo kila shimo linamfika mgongoni moja kwa moja. Malori ya kisasa ya safari ndefu yana viti vinavyobebwa na hewa, na kabine yenye resori zake. Ndani ya Fuso ya zamani hakuna hiyo. Sponji ya kiti ilikwisha zamani, wanatia kipande cha godoro ao gunia. Wataalamu wa afya ya kazi wanajua tangu miaka mingi kama mtikisiko wa mwili mzima, siku kwa siku, unaumiza kiuno na uti wa mgongo.

Tatu, usukani. Japani, Uganda, Kenya na Tanzania magari yanatembea kushoto, kwa hiyo usukani uko kuume. Kongo yanatembea kuume. Pale mpakani Kasindi njia inabadilisha upande, lakini usukani unabaki palepale. Shofere anajikuta kando ya mufereji. Akitaka kupita lori iliyo mbele, haoni kinachokuja mpaka atoe karibu kabine nzima katikati ya njia. Ao anamtegemea konvwayeri aliyekaa kushoto amwambie: "Pita!" Maisha ya watu yanabakia kwenye neno la kijana ambaye pengine naye hajalala. Kuko wenye kuhamisha usukani kwenye karakana, lakini kazi ile ikifanywa vibaya, inaleta hatari mpya.

Nne, kulala. Kabine nyingi hazina kitanda. Wakati wa mvua, safari ya Bunia ao Kisangani inaweza kumaliza siku nyingi, na kuko mahali ambapo malori yanangojea msafara wa kulindwa na askari. Shofere hawezi kuacha mzigo, juu ya wezi. Analala akiwa amekaa, kichwa kwenye usukani. Asubuhi anawasha motere na mwili ambao haukupumzika.

Wenye malori, wale mapatro, nao wana maneno yao. Pyesi ni za bei kali, bariere ni nyingi, na mfanyabiashara anataka mzigo wake leo. Kwao kiti kizuri ni mambo ya raha. Ni kweli feza ni ngumu. Lakini uchovu unachelewesha mguu kufika kwenye fre, na lori yenye tani kumi haisimami haraka. Ikianguka, patro anapoteza lori, mzigo, na pengine watu waliopanda juu.

Sheria haikunyamaza. Kodi ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inaweka kazi isipite saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma. Mapatano namba 153 ya shirika la kazi ulimwenguni, OIT, ya mwaka 1979, yanasema shofere asiendeshe zaidi ya saa 4 bila kupumzika. Njiani, nani anahesabu? Shofere anayelipwa kwa safari anajua kama akipumzika, anapunguza mkate wa watoto.

Tena kuko jambo ambalo linasahaulika. Juni 2021, Kongo na Uganda walianzisha kazi ya kutengeneza njia ya Kasindi–Beni, kilometa 80 hivi, pamoja na Beni–Butembo. Lami ni baraka. Lakini mashimo yalikuwa yanalazimisha malori kwenda polepole. Shofere akisinzia kwenye kilometa 20 kwa saa, anaingia mufereji. Akisinzia kwenye kilometa 80, anaingia sokoni. Barabara mpya na kabine ya zamani ni hatari mpya.

Kuko yale yanayowezekana bila kununua lori mpya. Kushonea kiti sponji mpya, kubadilisha mipira ya milango na ya kifuniko cha motere, kuweka kioo kikubwa cha upande wa kushoto, kutengeneza kitanda kidogo nyuma ya viti kama nafasi iko. Na kwa safari ndefu, mashofere wawili.

Polisi wa barabara wanaangalia mataa, fre na makaratasi. Siku wanafungua mlango wa kabine, waangalie pia kiti, na wamuulize aliyekaa pale: ulilala saa ngapi?