GPS moja ya barabara na ya kuvua: chagua kwanza ile ya maji



Mara nyingi katika ukurasa huu tunawaambia habari za kofia ngumu, miwani, glavu na viatu vya usalama. Leo tutoke kidogo nje ya mlango wa kazi. Ajali haiulizi kama uko kwenye zamu au uko konji. Mfanyakazi anayezama ziwani siku ya yenga amepotea kwa mke wake, kwa watoto wake na kwa ekipi yake, sawasawa na yule aliyeumia kazini.

Wengi wetu tunapenda kuvua samaki. Mtu wa Kolwezi anakwenda ziwa Nzilo. Mtu wa Likasi anakwenda Tshangalele, ziwa lile lililofanywa na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira. Wengine wakipata konji wanafika mpaka Kilwa au Pweto, kwenye ziwa Mweru. Kufika huko unaendesha motokari muda mrefu, unaacha barabara kubwa, unashika njia za porini, halafu unapanda mtumbwi. Ndiyo maana siku hizi watu wanauliza: "Ninunue GPS gani ya mkononi, moja tu, inionyeshe njia nikiwa katika motokari na tena inisaidie nikiwa majini?"

Swali hilo ni zuri. Lakini watu wengi wanakwenda dukani wakiifikiria barabara tu. Wanatafuta kioo kikubwa, rangi nyingi, na sauti inayosema "geuka kuume, geuka kushoto". Ziwa wanalikumbuka wakati wamekwisha kulipa. Mimi nasema: geuza mpango huo. Fikiria ziwa kwanza, barabara ije nyuma. Ukipotea barabarani unaweza kusimama, kuzima mota, kungoja mtu wa baiskeli apite, na kumwuliza njia. Ukipotea ziwani, giza likiingia na upepo ukivuma, utamwuliza nani?

Sisemi neno la kusikia kwa wengine. Miaka michache iliyopita mimi na shemeji yangu tulikwenda kuvua Nzilo. Yeye alikuwa na mashine ya motokari, ile inayobandikwa kwenye kioo cha mbele. Kutoka nyumbani mpaka mwisho wa njia ilituongoza vizuri, hata tukaisifu. Basi tukaingia nayo katika mtumbwi. Saa kumi mvua ikaja, na ukungu ukafunika ngambo zote mbili. Shemeji akaitoa mfukoni. Kioo chake kilikuwa cha kugusa kwa kidole. Matone ya mvua yakakigusa pamoja naye, picha zikarukaruka, asiweze kuchagua kitu. Mara ilipotulia, ilituonyesha kama motokari ndogo iliyosimama katikati ya rangi ya buluu, ikatuambia turudi barabarani! Tulicheka. Nusu saa baadaye betri ikaisha, na hapo hatukucheka tena.

Tulilala tumekaa katika matete, tumelowa, tunatetemeka, tunachota maji kwa kopo ili mtumbwi usijae. Kulipokucha tuliona kwamba mahali tulipopandia hapakuwa hata kilometa mbili. Mke wangu alikuwa amesimama pale, na majirani pamoja naye. Hakuna aliyesema neno, lakini nilipoziona nyuso zao nilijua walikuwa wamekuja kwa kazi gani. Siku ile ekipi yangu ilianza zamu ikikosa mtu mmoja.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuichagua mashine, na haya ndiyo ninayokushauri.

Jua kwanza jinsi GPS inavyofanya kazi. Juu yetu, karibu kilometa 20 200, zinazunguka setilaiti za Marekani. Kila moja inatuma saa yake, na mashine yako inasikiliza. Ikisikia nne au zaidi, inaweza kuhesabu mahali ulipo. Haihitaji mtandao wa simu, wala hulipi kitu kila mwezi. Zamani serikali ya Marekani ilikuwa inaharibu kidogo usahihi huo kwa raia, kwa makusudi. Iliacha mwezi wa Mei 2000. Tangu hapo hata mashine ya bei ndogo, mbingu ikiwa wazi, inakosa kwa mita chache tu. Kwa hiyo usitoe franka zako nyingi kwa sababu muuzaji anakuambia kwamba hii ina usahihi kuliko zote. Kwa mvuvi mita tatu au mita nane ni mamoja. Toa franka zako kwa ajili ya mwili wa mashine: maji, betri na vifungo.

Kwanza, maji. Tafuta kwenye sanduku au kwenye kitabu chake alama IPX7. Maana yake mashine imepimwa ndani ya maji ya kina cha meta moja kwa muda wa dakika 30, na maji hayakuiharibu. Maneno kama "inavumilia mvua" hayatoshi. Kisha uliza neno la pili ambalo watu wanalisahau: je, inaelea? Mashine nyingi zisizoingiza maji zinazama kama jiwe. Katika zile za Garmin, kwa mfano, aina ya GPSMAP 78 inaelea, lakini eTrex haielei. Ukichukua isiyoelea, ifunge kwa kamba kwenye jaketi lako la kuelea, kila safari, bila kusema "leo ni karibu tu".

Pili, betri. Mashine ya motokari imefanywa ikae kwenye waya wa motokari. Ukiitoa hapo haikai saa nyingi. Kwa ziwa chagua ile inayotumia betri ndogo za kawaida, zile za tochi, ambazo unazikuta hata katika duka la kijijini. Mashine nyingi za namna hiyo zinatumia mbili, na zinafanya kazi mchana kutwa. Weka mbili mpya nyingine ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Umeme ukikatika nyumbani usiku wa kuamkia safari, wewe hutakuwa na wasiwasi.

Tatu, vifungo. Mkono wa mvuvi umelowa, una magamba na matope. Kifungo cha kubonyeza kinaitika hata hivyo. Kioo cha kugusa mara nyingi kinakataa. Ukiwa dukani usiipime ndani kwenye kivuli. Omba utoke nayo nje kwenye jua la mchana, kisha usome maandishi yake. Kama huyaoni nje ya duka, hutayaona katikati ya ziwa.

Nne, dira. Mashine nyingi za bei ndogo zinajua upande unaoelekea pale tu unapotembea. Mtumbwi ukisimama, mshale wake unazunguka ovyo, na mtu mwenye hofu anaufuata. Ile yenye dira ya ndani inakuonyesha upande hata umesimama, lakini inakutaka uipime upya unapobadilisha betri. Kama yako haina, chukua dira ya kawaida ya mfukoni, nayo ni ya bei ndogo.

Tano, kumbukumbu ya njia. Hakikisha mashine inaweza kuandika njia uliyopita na kukurudisha juu ya nyayo zako. Usitegemee mshale ulionyooka peke yake. Mshale ulionyooka haujui kisiwa, wala mwamba, wala kisiki cha mti kilichofunikwa na maji ya bwawa. Njia uliyoijia ndiyo unayoijua.

Sasa utaniuliza: na barabara je? Hapo lazima niseme kweli. Mashine ya majini ina kioo kidogo, na nyingi hazina sauti. Nyingine zinakuja na ramani maskini sana ya nchi yetu, na za bei ya chini kabisa hazikubali kuongezwa ramani. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza: "Hii inapokea ramani nyingine?" Ikiwa ndiyo, mtu anayejua ordinateri anaweza kukutilia ramani ya OpenStreetMap, ambayo ni ya bure, na utaona barabara kutoka Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi pamoja na njia nyingi za pembeni. Ukifikia njia panda ya porini, weka alama yako mwenyewe, na safari ijayo utaikuta. Ndivyo mashine ya maji inavyoweza kusaidia barabarani, ingawa si kwa raha nyingi. Lakini mashine ya motokari haiwezi kugeuzwa iwe ya maji. Hapo ndipo penye tofauti, na ndiyo sababu yangu ya kuchagua hivyo.

Wengine watasema: "Mimi nina simu, inanitosha." Simu nyingi za leo zina GPS ndani, na ukiweka ramani kabla ya kuondoka, inafanya kazi hata pasipo mtandao. Barabarani itumie, nakubali. Lakini ukiifanya iangalie setilaiti mchana kutwa ziwani, betri itakwisha, na simu hiyohiyo ndiyo ungeitumia kuita msaada. Ifunge katika mfuko usioingiza maji, uizime, uitunze kwa siku ya shida.

Mashine nzuri mikononi mwa mtu asiyeijua ni kama taa ya mgodi isiyowashwa. Kabla ya kuingia chini unapima taa yako. Fanya vilevile na GPS.

Katika motokari, panga safari kabla ya kuwasha mota. Iweke mahali pasipokuzuia kuona mbele. Ukitaka kubadilisha kitu, simama pembeni, au mpe aliyeketi karibu nawe. Anayetazama kioo kidogo hamwoni mtoto anayevuka. Kumbuka tena kwamba ramani haijui mvua ya jana: ikikuonyesha daraja, na macho yako yakaona mto, amini macho yako.

Ziwani, kabla kasia halijagusa maji, weka alama mahali unapopandia mtumbwi na uipe jina. Usingoje kwanza ufike penye samaki. Weka alama pia kwenye kila kisiki na kila mwamba unaoukuta, kwa sababu ramani hizi hazina vina vya maziwa yetu, na maji ya bwawa yanapanda na kushuka. Usitazamie mashine ikuonyeshe samaki. Hiyo ni kazi ya chombo kingine kinachotuma sauti chini ya maji. Ukivua Mweru, jihadhari na mpaka. Katikati ya ziwa lile huoni ngambo, na hakuna ukuta unaokuambia kwamba umeingia Zambia. Hata kisiwa cha Kilwa, ambacho kina jina moja na mji wetu, ni cha Zambia.

Mfundishe mwenzako kuitumia. Kama mwenye mashine ndiye aliyeanguka majini, nani atapata mahali alipoangukia, na nani atarudisha mtumbwi?

Na nyumbani, acha karatasi: unakwenda ziwa gani, unapandia wapi, utarudi saa ngapi. Patana na mke wako au jirani namna ya kusoma hesabu za mahali. Digrii 10 na dakika 30 ni sawa na digrii 10,5. Mtu akiandika 10,30 amekosa kwa kilometa 22, na wanaokutafuta watakwenda kukutafuta mahali usipo. Chagua namna moja ya kuandika, wewe na wao, na msiibadilishe.

Mwisho, ndugu yangu, pima mfuko wako. Kama franka ulizo nazo zinatosha kitu kimoja tu, GPS au jaketi la kuelea, nunua jaketi. GPS inakuambia ulipo, haikushiki usizame. Ukiisha kuwa na jaketi, weka akiba kidogo kila mwezi, ununue mashine ya maji, na kabla hujaenda nayo mbali ujifunze kuitumia karibu na ngambo, mchana, hali ya hewa ikiwa njema.

Samaki watakuwako siku ya yenga ijayo. Tunataka na wewe uwepo, pamoja na samaki wako mezani na watoto wako wamekuzunguka. Ziwa halina mtu wa kuuliza njia: beba jibu lako kutoka nyumbani.