‘Nyota na reli’ zinavyoishinda simu janja milima ya Upare

Na Mwandishi Wetu, Same

KWA muda mrefu imekuwa ikidhaniwa kuwa zama za kuiamuru mashine kwa maandishi zimepita, na kwamba dunia ya leo ni ya picha za kugusa kwa kidole. Hali halisi katika Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, inaonyesha vinginevyo.

Mkulima wa tangawizi wa Mamba Myamba, sawa na wa mpunga wa Ndungu, anapotaka kutoa fedha kwa wakala hubonyeza *150*00# na kufuata orodha ya namba. Huduma hiyo ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na za kampuni nyingine zikafuata nyayo hizo hizo za nyota na reli.

Wengi hawatambui kuwa kazi hiyo ni ndugu wa karibu wa ile ya wataalamu wa kompyuta: kuandika amri, kusoma jibu, kisha kuandika amri nyingine. Ndivyo ulivyotumika mfumo wa Unix uliobuniwa Marekani mwaka 1969, miaka 15 kabla ya kompyuta ya Macintosh kuzipa umaarufu picha na kipanya.

Sababu ya kwanza ya amri hizo kudumu ni jiografia. Milima ya Upare hupanda hadi mita 2,462 katika kilele cha Shengena, na mabonde yake hukinga mawimbi ya simu. Ujumbe wa nyota na reli hauzidi herufi 182, nao husafiri katika mtandao wa simu wenyewe bila kuhitaji intaneti. Simu ya kitochi inatosha.

Programu ya simu janja hudai data na intaneti iliyo imara. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchini na katika nchi jirani.

Sababu ya pili, ambayo huzungumzwa kwa nadra, ni kwamba amri husemeka. Kijana aliyeko Dar es Salaam anaweza kumwelekeza bibi yake aliyeko Chome kwa sauti tu: nyota, 150, nyota, 00, reli. Inaweza kuandikwa ukutani au kutangazwa redioni, na kila atakayeifuata atafika mlango ule ule. Picha sharti ionyeshwe, na programu ikibadilishwa sura, maelekezo ya jana hayafai tena.

Ya tatu ni kazi ya kujirudia, na hapa ndipo kompyuta yenyewe huonyesha tofauti. Chukua mfano wa ofisi yenye mafaili 3,000 yanayotakiwa kubadilishwa majina. Kwa kipanya, karani atabofya moja baada ya jingine kwa siku kadhaa. Kwa amri, mstari mmoja humaliza kazi, na mstari huo huweza kuhifadhiwa ujiendeshe kila usiku wa manane. Aidha, fundi aliyeko mbali anaweza kuitengeneza mashine kupitia mtandao dhaifu, kwa kuwa kinachosafiri ni herufi tu.

Hata hivyo, amri ina makali yake. Kompyuta huweza kufuta faili bila kuuliza, na tarakimu moja ikikosewa fedha huenda kwa asiyehusika. Asiyejua kusoma hulazimika kumpa mjukuu namba yake ya siri. Na kwa kuwa amri husemeka, tapeli naye huitumia sifa hiyo hiyo, akimwelekeza mtu hatua kwa hatua hadi fedha zimtoke.

Lugha nayo ina nafasi yake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitafsiri programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili, lakini amri za kompyuta zilibaki za Kiingereza. Orodha za simu huzungumza Kiswahili, na hiyo ni siri mojawapo ya kuenea kwake.

Hapo ndipo penye funzo kwa wapangaji wa huduma. Tangu mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, uanze mwaka 2017, mwananchi ameweza kulipa kwa kumbukumbu namba kupitia simu yoyote. Taasisi itakayofunga mlango huo na kuacha programu ya simu janja pekee itakuwa imeihamishia gharama familia ya mlimani, italazimika kununua simu, kununua data au kulipa nauli ya kuteremka Same mjini.

Shule nazo zina wajibu. Mwanafunzi anayefundishwa kubofya tu atatumia alichopangiwa na wengine. Anayejua kuandika amri ataweza kuipangia mashine kazi ambayo hakuna aliyeiwekea picha.