Betri Isilale na Njaa



Msimu wa safari umewadia. Tunajua kwamba nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Toronto hivi sasa zina masanduku wazi sebuleni, mizani ya kupimia kilo, na orodha ya zawadi isiyokwisha. Watu wanakwenda Unguja, Mombasa na Maskati kwa wiki nne, tano, hata sita. Mwezi huu basi safu yetu inaweka sarufi kando na kuzungumzia kitu kinachoachwa nyuma bila ya kuagwa, nacho ni betri ya gari.

Tunaandika kwa kuwa yametufika. Januari iliyopita tulirejea kutoka Unguja baada ya wiki sita, usiku wa kuamkia Jumamosi, baridi ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Asubuhi yake ilikuwa zamu yetu ya kumpeleka mzee mmoja wa msikitini petu akasafishwe damu kwa mashine, jambo analolifanya mara tatu kwa wiki kwa sababu figo zake hazifanyi kazi. Tulipozungusha ufunguo, gari lilitoa mlio mmoja mdogo, kisha kimya. Hata tukampata jirani wa kutusaidia, saa ya mzee ilikwishapita na mashine amekwishapewa mwengine. Ikambidi asubiri hadi Jumatatu. Siku mbili zile aliyapima maji yake ya kunywa kwa kikombe cha kahawa, wala hakutulaumu kwa neno hata moja, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Kosa lilikuwa letu. Tulidhani gari lililozimwa halili kitu. Kumbe saa, king'ora cha wezi na vile vijikompyuta vilivyomo ndani havilali. Natufanye hesabu, maana ualimu hautoki mwilini. Gari likila miliampea 50 tu, kwa saa 24 limekula ampea-saa 1.2. Kwa siku 42 ni ampea-saa 50 na ushei. Betri ya gari la kawaida hubeba ampea-saa 60 hivi. Kilichosalia chaweza kuwasha taa ya mlangoni, lakini injini haitoamka.

Hapo baridi bado hatujaitia katika hesabu. Ndani ya betri mna vibao vya risasi vilivyozama katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Ni mpango ule ule wa Mfaransa Gaston Planté wa mwaka 1859. Betri inapotoa umeme, tindikali huingia katika vibao, na kinachobaki huelekea kuwa maji. Ndiyo maana betri iliyojaa haigandi hata katika nyuzi 50 chini ya sifuri, ilhali iliyokwisha yaweza kuganda baridi ikifika nyuzi 10 tu chini ya sifuri. Ikiganda hutanuka na kupasua ganda lake. Betri iliyoganda isichajiwe abadan, wala isiunganishwe waya na gari jengine, kwani yaweza kuripuka. Tena vibao vikikaa wiki nyingi bila ya chaji hushika salfeti ngumu, mfano wa ukoko wa wali uliosahauliwa motoni, na ukoko huo haukwanguki.

Sisi tuliokulia pwani tulizoea kuzianika betri za redio juani, juu ya bati, ili tupate kusikia taarifa ya habari ya usiku. Hatukuwa wajinga, joto huchangamsha dawa zilizomo ndani. Lakini halitii umeme mpya, na huku ugenini jua lenyewe la Januari ni la kutazama tu.

Afanye nini basi msafiri? Mwenye banda lenye umeme anunue chaja ndogo ya kutunza betri, ile inayojipunguza yenyewe betri ikishajaa. Zile za zamani zisizojua kusita zikiachwa mwezi mzima huyachemsha maji ya betri hadi yakauka. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, nayo hushika moto upesi. Kwa hiyo dirisha liwe wazi kidogo, na sigara iwe mbali.

Anayeishi ghorofani, ambako gari hulala uwanjani, aifungue betri. Kwanza aichaji ijae, kisha kwa spana namba 10 afungue kichwa cha hasi, chenye alama ya kutoa, akitenge kisiguse chuma. Wakati wa kurudishia, hasi huwa ya mwisho. Akumbuke tu kwamba king'ora nacho kitanyamaza, na redio nyengine zitadai namba ya siri.

Wako wanaomwachia kijana ufunguo aliwashe gari dakika kumi kila Jumapili. Hilo halisaidii, kwani kuwasha kwenyewe hula chaji, na dakika kumi za kusimama hazirudishi kilicholiwa. Alitembeze nusu saa barabarani, ikiwa bima inamruhusu. Wala asiliwashe ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una gesi isiyo na harufu, na imekwisha kuua watu waliolala vyumba vya juu.

Kipima volti ni rahisi, na kinafaa kila nyumba. Gari likishapumzika usiku mzima, volti 12.6 ni shibe, 12.4 ni dalili ya kuchaji, na 12.2 ni nusu tumbo. Na lile la kwamba betri ikiwekwa juu ya saruji hunyonywa, lilikuwa na ukweli zama za maganda ya mbao na mpira. Maganda ya plastiki ya leo hayajali sakafu. Kwa hakika, betri iliyojaa hukaa vizuri zaidi penye ubaridi kuliko kando ya jiko.

Vigari vya umeme vya wazee wetu navyo aghalabu hutumia betri za risasi. Vichajiwe vijae kabla ya kufunikwa. Mashine za kukatia majani zenye betri za lithiamu zina desturi yake: ziwekwe ndani ya nyumba zikiwa na chaji ya nusu hivi, wala zisichajiwe zikiwa zimepoa chini ya sifuri, kwani huharibika kwa ndani.

Sisi tumenunua chaja mbili. Moja tunaitumia wenyewe; ya pili imo kabatini msikitini, chini ya majamvi. Anayesafiri aichukue na kuandika jina lake daftarini, na airejeshe pamoja na vibanio vyake viwili. Zamu za kumpeleka mzee wetu mwezi wa Januari bado zina Jumamosi mbili zisizo na dereva. Atakayeweza atuone baada ya sala ya Ijumaa.