Kila Jina na Mpaka Wake

Wanafunzi wenzangu, sisi wa mpakani twajua kwamba Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja wa Kenya na mmoja wa Uganda. Shilingi nazo ni mbili, wala thamani zao si sawa. Atajaye bei sokoni bila kusema ni shilingi ya upande gani hutafuta ugomvi.

Ndivyo ilivyo katika kuandika programu za tovuti. Katika lugha ya JavaScript, ukilitia thamani jina kama "bei" bila kulitangaza, huwa mali ya programu nzima. Sehemu nyingine ikilitumia jina hilo hilo, hufuta hesabu ya kwanza kimya kimya, na mnunuzi hutozwa bei isiyo yake. Tangu 2015 lugha hiyo ina maneno "let" na "const", yanayolifunga jina ndani ya mabano lilimoandikwa. Tena, tangu 2009, ukianza na "use strict", jina lisilotangazwa hukataliwa.

Wengine husema huku ni kuongeza kazi. Mimi naona kuandika neno moja ni rahisi kuliko kutafuta kosa usiku kucha. Basi tutangaze kwanza, ndipo tuhesabu.