Kikao cha safari kikosacho kalamu

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa, huanza shughuli ambayo nyumba zetu nyingi zinaijua. Kijana amepata barua ya chuo kutoka India. Wajomba huitwa, mama wadogo huchanga, dua husomwa, na sanduku hujazwa nguo, unga na dagaa wa kukaanga. Yote hayo ni mema, nasi hatuyabezi. Tunauliza tu: katika kikao hicho, ni nani aliyeshika kalamu?

Tunauliza kwa sababu mchango wa siku hiyo mara nyingi hutosha tiketi na ada ya mwaka wa kwanza, ilhali shahada ya kwanza kule huchukua miaka 3 au 4. Ada ya wanafunzi wageni aghalabu hutajwa kwa dola. Sisi twachanga shilingi, na shilingi haikai mahali pamoja. Mwaka wa pili ukifika, mjomba aliyesema "mimi nipo" anamwoza bintiye, na baba aona haya kumkumbusha. Anayefedheheka ni kijana, amezuiliwa mlango wa chumba cha mtihani katika mji asio na hata shangazi.

Hapo wazee wengine husema, "Atajitafutia kibarua huko huko." La, hasha! Viza ya masomo ya India haimpi mwanafunzi ruhusa ya kuajiriwa. Uingereza humruhusu mwanafunzi wa shahada kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na pengine habari za waliosoma huko ndizo zinazotupoteza.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, yahusu kuandika deni na kulishuhudisha. Twaisoma kila Ramadhani, kisha twaahidiana mamilioni ya shilingi kwa mdomo, kwa kuwa eti sisi ni ndugu. Na iandikwe: nani atatoa, kiasi gani, mwezi gani, na je, ni zawadi au ni mkopo? Ikiwa ni mkopo, usiwe wa riba. Mwanafunzi naye aketi kikaoni asikie. Kama shamba la babu limewekwa rehani kwa ajili yake, ajue. Tumezoea kuwaficha watoto dhiki zetu kwa mapenzi, nao wakanunua simu kwa fedha ya kodi ya chumba.

Wakala aliyeleta barua naye aulizwe, tena kwa heshima. Wakala wa vyuo vya nje anapaswa kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na Tume hiyo hiyo ndiyo itoayo cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje. Mzazi na aende mwenyewe kuuliza kama chuo na shahada hiyo vinatambulika, kabla hajalipa, wala asisubiri kijana arudi na cheti kisichompa kazi.

Chanjo ya homa ya manjano ipatikane mapema, maana cheti chake huanza kutumika baada ya siku 10. Akishafika, mwenye viza ya zaidi ya siku 180 hujiandikisha kwenye ofisi ya usajili wa wageni ndani ya siku 14. Tena aambiwe kwamba yeye aliyezoea kusali akielekea kaskazini hapa Dar es Salaam, kule kibla ni magharibi, na kwamba aulize ratiba ya vipindi vya mchana wa Ijumaa tangu wiki ya kwanza.

Karatasi ya kikao itolewe nakala mbili. Moja ibaki kwa baba, nyingine iingie sandukuni, kando ya dagaa.