Shing'weng'we Hana Sura Moja

Lipo kosa katika sanaa ya kubuni viumbe visivyokuwapo duniani ambalo limevumiliwa kwa muda mrefu, na wavumilivu wake wakubwa ni watu wa vyuo. Kosa hilo ni kudhani kwamba zimwi hutambulikana kwa viungo vyake. Mchoraji akipewa ngano ya Wasukuma aitilie picha kwa ajili ya kitabu cha watoto, swali lake la kwanza ni hili: Shing'weng'we ana pembe ngapi? Mwalimu naye huona haya kukosa jibu, kana kwamba ameulizwa urefu wa Mlima Kilimanjaro, akataja hesabu. Tangu siku hiyo zimwi huwa na pembe mbili, meno ya mamba na ngozi ya kifaru, na kila Shing'weng'we afuataye hunakiliwa kwa huyo, kama chapa ipigwavyo katika kundi la ng'ombe.

Watetezi wa chapa hiyo wana hoja, na haki ni kuisikiliza. Husema kwamba mtoto wa Kishapu na mtoto wa Nyang'hwale wakionyeshwa mazimwi mawili yasiyofanana hawataamini kuwa ni jamii moja. Husema pia kuwa fisi wote wana mgongo ulioinama, na twiga wote wana shingo ndefu, basi na zimwi liwe na alama yake. Wapo wapinzani wao wasemao kuwa kitu kisichokuwapo hakina sheria, na msanii yu huru kuchora apendavyo. Hawa wa pili hawahitaji jibu refu: kiumbe awezaye kuwa chochote hamtishi mtu yeyote. Wa kwanza ndio wenye madhara, kwa kuwa maneno yao yanafanana sana na ukweli.

Ngano yenyewe inawakana. Shing'weng'we alimeza watu wote wa dunia, akasalia mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha katika lundo la makapi. Mwanamke huyo akazaa mtoto wa kiume, naye akaitwa Masala Kulangwa. Na masala kwa Kisukuma ni akili. Mtoto alipokua aliuliza kwa nini wao ni wawili tu, akaambiwa sababu, akaanza kumwinda adui. Siku moja aliua panzi, akarudi kwa shangwe kumwambia mama yake kuwa Shing'weng'we amekufa. Mama akajibu kwamba huyo ni panzi tu, afadhali wamchome wamle. Ikawa vivyo hivyo kwa ndege, ikawa vivyo hivyo kwa paa.

Msomaji na aitazame sana sehemu hii, ambayo wasimulizi wavivu huifupisha na watoto huipenda kuliko nyingine zote. Kijana hajui umbo la amtafutaye. Mama anajua, lakini katika masimulizi yajulikanayo sana hampi mwanawe orodha ya pembe wala ya mkia. Panzi ni panzi kwa sababu tumboni mwake hamna baba wa kijana, hamna shangazi, hamna ukoo. Siku kijana alipompata Shing'weng'we mwenyewe alimwua, akampasua, wakatoka watu. Hapo hapakuwa na haja tena ya kumwuliza mama. Alama ya jamii hii, basi, ni tendo lake: humeza wote, humsaza mmoja, na kwa huyo mmoja hutoka mwisho wake. Yaliyobaki yote, toka rangi hata idadi ya miguu, ni mali ya zimwi moja moja.

Mwenye shaka na atoke Usukumani aende Usambara. Huko mmezaji ni boga. Watoto waliokuwa wakicheza shambani waliliona linavyonenepa, likasema nao. Mwishowe likameza kijiji kizima, likaingia ziwani, na mwana wa mwanamke aliyesalimika ndiye aliyelitoa huko akalipiga mishale. Boga halina pembe, halina mkia, na hata hivyo hakuna Msukuma asikiaye ngano hiyo akakosa kumtambua Shing'weng'we. Basotho wa kusini wana Kholumolumo, aliyeshiba hata akashindwa kupita tena katika upenyo wa milima alikoingilia, akabaki amekwama papo hapo akimngoja kijana Senkatana, S. M. Mofokeng aliifanyia ngano hiyo mchezo wa kuigiza, ukatolewa mwaka 1952.

Pwani kuna nunda, jamaa wa mbali kidogo, maana aliowala hawarudi. Katika ngano ya Sultani Majnuni, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 pamoja na nyingine alizozikusanya Unguja, nunda alianza akiwa paka wa nyumbani. Alipokula mifugo, sultani alisema kuwa paka ni wake na mifugo ni yake. Jibu likawa hilo hilo kila mara mnyama alipoongezeka ukubwa, hata paka akala wana wa sultani. Boga lilinenepa mbele ya macho ya watoto, Kholumolumo alivimbiwa, paka alidekezwa. Kila mmoja ana historia yake, na mwili wake umetoka katika historia hiyo. Huu ndio ufundi wa kumpa kiumbe nafsi, nao ulikuwapo nchini kabla ya sinema za ng'ambo ambazo vijana wa vyuo hukimbilia kuziiga.

Hapa wenye chapa hushangilia, kwa sababu katika ngano ya nunda mama alitoa alama: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabaka kama ya fungo, mkia mnene. Mwana mdogo aliua mbwa, fungo, pundamilia, twiga, kifaru, hata tembo, na kila mara alama zikamkataa mnyama. Ni kweli. Walakini alama hizo ni za paka mmoja aliyelelewa katika nyumba ile ile. Hayo ni maelezo ya mtoro anayetafutwa; ni taksiri kubwa kuyageuza kuwa sheria ya jamii nzima. Nunda wa pili angeweza kutoka katika mbwa, au katika mwanasesere.

Tena orodha ya alama ina hatari nyingine, na Shinyanga inaijua kuliko mahali pengi. Mchawi apandaye fisi usiku ni kiumbe wa kubuniwa kama Shing'weng'we. Tofauti ni kwamba tendo lake halionwi na mtu. Kwa hiyo waliomwamini walihitaji sura, wakamtungia: mwanamke, mzee, mwenye macho mekundu. Macho ya bibi aliyepika maisha yake yote kwa kuni na samadi ya ng'ombe huwa mekundu kwa moshi. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, sehemu kubwa yao Usukumani, na wengi walikuwa wanawake. Simeon Mesaki ameyachunguza mambo hayo kwa miaka mingi, na kazi yake yafaa isomwe hata na wale wanaojishughulisha na ngano tu.

Baadaye machimbo ya dhahabu yakabuni kiumbe wao: mtu ambaye kiungo chake huvuta bahati chini ya ardhi. Alama aliyopewa ilikuwa weupe wa ngozi, na tangu mwaka 2007 watu wenye ualbino wakawindwa katika mikoa ya Ziwa. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumwua mtoto mmoja mwenye ualbino, na hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo nchini. Haisemwi hapa kuwa wachoraji wa vitabu waliwapa wauaji mapanga. Lisemwalo ni kuwa tabia ya akili ni moja: kutazama jicho na kudai kuwa umeona tendo. Mtoto aliyefundishwa shuleni kwamba uovu una sura yake, na kwamba sura hiyo yaweza kuhesabiwa kwa vidole, amekwisha pata nusu ya somo baya.

Na mchoraji wa Geita ana mazimwi ya kutosha bila ya kuazima pembe. Anayo maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo yanayoshuka gizani kwa matimba machache. Bila shaka duara halina nia, na mwamba huanguka kwa kukosa kuegemezwa. Lakini mtu aliyesimama juu akingoja jina la ndugu yake litajwe anajua maana ya kumezwa. Mwaka 2015, huko Nyangalata katika Kahama, kifusi kilifunika watu. Sita wakabaki ndani, na watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Mwezi Januari 2017, Nyarugusu katika Geita, watu 15 walifukiwa, wote wakatoka salama baada ya siku chache.

Wawili hao wasichorwe sawa. Wa Nyarugusu ni mwenye pupa, amemeza asichoweza kukihifadhi. Wa Nyangalata ni mwenye subira, ana tumbo lenye njia nyingi, amejifunza kukaa kimya wakati watu wa juu wanapokata tamaa. Yupo na wa tatu, mzee wao: mgodi mkubwa wa Geita uliofungwa mwaka 1966, ukalala, ukaamka mwaka 2000 na mwili mkubwa kuliko ule wa kwanza. Mzee huyu na awe mpana, mwenye kinywa kilichoelekea mbingu, na usingizi ungali umemganda machoni. Watatu hawa hawana kiungo kimoja kilichofanana. Wawekwe mbele ya mtoto yeyote wa Usukumani aliyewahi kukaa motoni jioni na bibi yake, naye atawaita kwa jina moja.

Kipo kitu kingine ambacho wenye chapa hukiacha nje ya picha zao, kwa kuwa macho yao yote yako katika meno ya zimwi. Masala Kulangwa alipompasua Shing'weng'we mgongoni, kisu kilikata sikio la bibi mmoja aliyekuwamo ndani. Bibi akaghadhibika, akamtukana mwokozi wake, akataka kumroga. Kisu kilikuwa bado mkononi mwa kijana, umati uliookoka ulikuwa upande wake, na mbele yake alisimama mwanamke mzee mwenye hasira aliyedhihirisha nia ya uchawi kwa kinywa chake mwenyewe. Kijana aliyekuwa amezoea kuuliza kwa kila mnyama kama huyu ndiye, safari hii hakuuliza. Alikwenda kutafuta dawa, akaliponya sikio.